Nukta Ngapi Zinatosha? Kamera, Picha Kubwa na Picha za Kukatwa

Katika makala haya tunataka kulizungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kila siku bila ya kulijua vizuri, nalo ni upigaji wa picha. Siku hizi simu yenye kamera haikosekani mitaani kwetu huku Bondeni, na muuzaji wa simu, awe Kyela mjini au kule mpakani Kasumulu, humsifia mteja wake idadi ya megapikseli: hii ina 13, hii ina 50, hii ina 108. Mteja hununua namba. Kisha siku ya mahafali inafika. Picha iliyokuwa nzuri kwenye kioo cha simu inapelekwa kuchapishwa kubwa, inarudi na nyuso zilizoyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Au mzazi anataka sura ya mwanawe itolewe kwenye picha ya darasa zima, fundi anaikata na kuikuza, na kinachotoka hakitambuliki hata na mama aliyemzaa.

Ama kuhusu hukumu ya kupiga picha na kuzitundika ukutani, hilo waulizwe walimu wetu. Makala haya ni ya nuru na hesabu tu.

NUKTA NI NINI

Sisi wanafunzi wa madrasa tunaijua nukta tangu siku ya kwanza. Be ina nukta moja chini, te ina mbili juu, the ina tatu. Picha ya kamera ya kidijitali nayo ni nukta tupu. Nyuma ya lenzi kuna kipande kidogo chenye vijisehemu vingi mno vya kupokea nuru, vimepangwa safu kwa safu kama vyumba vya sega la nyuki. Kila kimoja hupima nuru iliyokiangukia na kuandika namba. Namba hizo zikigeuzwa kuwa rangi tunapata nukta, na mafundi huiita kila nukta pikseli. Nukta milioni moja ndiyo megapikseli moja. Picha yenye nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwenda juu ina 4,000 mara 3,000, yaani nukta milioni 12. Hiyo ndiyo picha ya megapikseli 12, nasi tutaitumia kuwa mfano wetu hadi mwisho, kwa sababu simu nyingi, hata zinazotangazwa kwa namba kubwa, kwa kawaida hutoa picha ya kiasi hicho au karibu yake.

Kamera ya kwanza ya namna hii iliundwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, Marekani. Ilikuwa na nukta 100 kwa 100, yaani 10,000 tu, haikuwa na rangi, na ilitumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kanda ya kaseti. Leo simu ya bei ya chini inaishinda kwa mbali. Kwa hiyo nukta si haba tena. Tatizo letu ni kutojua zinakwenda wapi.

HESABU YA KARATASI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba nukta haina ukubwa wake wa kudumu. Chukua kibaba cha mchele wa Kyela ukitandaze kwenye sinia dogo: sinia halionekani. Kitandaze kibaba hicho hicho kwenye mkeka wa kulalia: kati ya punje na punje utauona ukindu. Mchele haukupungua, ila umetawanywa. Ndivyo ilivyo picha ikichapishwa kubwa, isipokuwa mashine ya kuchapia haiachi nafasi wazi. Inainenepesha kila punje mpaka iguse mwenzake. Punje zikinenepa kupita kiasi, jicho huanza kuona ngazi kwenye mistari, na nyusi ya mtu huwa kama matofali yaliyopangwa.

Kipimo wanachotumia wachapaji ni idadi ya nukta katika kila inchi moja ya karatasi. Kwa picha inayoshikwa mkononi, desturi yao ni nukta 300 kwa inchi. Basi hesabu ni kugawanya tu. Picha ya inchi 4 kwa 6, ile ya kuwekwa kwenye albamu, inahitaji nukta 1,200 kwa 1,800, ambazo hata hazifiki milioni mbili na robo. Karatasi ya A4 inahitaji 2,480 kwa 3,508, kama milioni 8.7. A3, ambayo ni A4 mbili zikiwekwa pamoja, inahitaji milioni 17.4. A2 inataka karibu milioni 35.

Sasa tazama mfano wetu wa nukta 4,000 kwa 3,000. Ukigawanya kwa 300 unapata inchi 13.3 kwa 10, yaani A4 inatoka safi na kubaki kidogo. Ukiridhika na nukta 150 kwa inchi, kiwango kinachofaa kwa picha ya kutundikwa, unapata inchi 26.7 kwa 20, ambayo inazidi A2. Kwa mtu anayetaka picha ya kuweka kwenye fremu sebuleni, megapikseli 12 zilizopigwa vizuri zinatosha, na hana sababu ya kuuza mpunga wake ili anunue simu nyingine.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Wanadhani megapikseli 24 zitatoa picha kubwa mara mbili ya ile ya 12. La. Nukta huenea pande mbili, upana na kwenda juu, kwa hiyo nukta zikiongezeka mara mbili kila upande unaongezeka asilimia 41 tu. Ili upana wenyewe uwe mara mbili kwa ukali ule ule, unahitaji nukta mara nne, yaani megapikseli 48. Ni kama shamba: anayelima shamba la mraba lenye upande mara mbili ya la jirani analima eneo mara nne, na jasho lake ni mara nne.

Kuna na jambo dogo ambalo huharibu picha nyingi za mahafali. Picha ya simu huwa na uwiano wa 4 kwa 3, lakini karatasi ya inchi 4 kwa 6 ni ya 3 kwa 2. Ili ijae karatasi, mashine hukata. Katika zile nukta 3,000 za kwenda juu, 333 huondoka, sawa na asilimia 11. Ikiwa mpiga picha alibana watu mpaka ukingoni, ndipo walio safu ya nyuma wanapokatwa kofia, na waliokaa chini wanapoteza miguu. Acheni nafasi juu na chini.

UMBALI WA MTAZAMAJI

Huenda mtu akauliza: ikiwa A2 inataka nukta milioni 35, basi yale mabango makubwa ya barabarani yanapigwa kwa kamera gani? Jibu ni kwamba yanapigwa kwa kamera za kawaida kabisa. Kinachoamua ni umbali.

Jicho zima lina kikomo chake. Vitu viwili vidogo vikiwa karibu karibu mno, jicho haliwezi kuvitenganisha, na kadiri unavyosogea nyuma ndivyo vinavyotakiwa kuachana zaidi ili uvione viwili. Kwa picha iliyoshikwa sentimita 25 kutoka usoni kikomo hicho ni kama nukta 350 kwa inchi, na ndiyo maana wachapaji wakachagua 300. Kwa picha iliyo mita moja, kikomo kinashuka hadi nukta 87 hivi kwa inchi. Kwa mita tatu ni 29. Kwa mita kumi, nukta tisa tu kwa inchi zinatosha, na kila moja ina upana wa karibu milimita tatu! Likaribie bango la barabarani siku moja ulitazame kwa kuligusa pua; utaona madoadoa matupu.

Tuchukue bango la turubai la upana wa mita tatu, la kutundikwa juu ya geti siku ya hafla, linalosomwa na watu walio mita tano. Kwa umbali huo nukta inaweza kuwa na upana wa karibu milimita moja na nusu, basi mita tatu zinahitaji nukta kama 2,000 tu kwa upana. Picha yetu ina 4,000. Imezidi. Bango lile lile likitundikwa ndani ya darasa, ambako watoto watasimama mbele yake na kunyoosha vidole, hesabu inabadilika.

Ila maandishi msiyapige picha. Tumekwisha kuona mabango ambayo jina la chuo limepigwa picha kutoka kwenye barua kuu kuu, likakuzwa, likatoka limejaa magamba. Maandishi yaandikwe upya kwenye kompyuta na fundi wa bango mwenyewe. Herufi za kompyuta huhifadhiwa kama michoro ya mistari, na mchoro wa mistari hukuzwa kadiri utakavyo bila kupoteza kingo zake.

KUKATA PICHA

Sasa tunafika kwenye jambo linalokula nukta kuliko yote, nalo ni kukata. Ukichukua picha yetu ya 4,000 kwa 3,000 na kubakisha nusu ya upana na nusu ya kwenda juu, unaona kama umekata nusu. Kwa hakika umetupa robo tatu. Zimebaki 2,000 kwa 1,500, yaani milioni tatu, nazo kwa kipimo cha 300 zinatoa picha ya inchi 6.7 kwa 5 tu. Ukibakisha robo ya kila upande, umebaki na sehemu moja ya kumi na sita, nukta 750,000, ambazo hazitoshi hata picha ya albamu.

Fahamuni pia kwamba kule kuvuta kwa vidole viwili kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, mara nyingi ni kukata tu. Simu yenye lenzi moja haina namna ya kusogea. Inakata katikati ya picha na kuinenepesha. Kuvuta kwa kweli ni kwa lenzi au kwa miguu yako mwenyewe, na miguu hailipiwi.

Tutoe mfano wa ziwani. Umesimama ufukweni Matema, Milima ya Livingstone iko mbele yako, na mtumbwi uko majini mita 200 kutoka ulipo. Kamera kuu ya simu nyingi huona upana wa mita 130 hivi kwa kila mita 100 za umbali, kwa hiyo kwenye umbali wa mtumbwi inaona upana wa mita 260. Gawanya kwa nukta 4,000: kila nukta moja inabeba sentimita sita na nusu za dunia. Mtumbwi wa mita nne unapata nukta kama 60. Uso wa mvuvi, wenye upana wa sentimita 15, unapata nukta mbili. Mbili! Milima itatoka nzuri na ziwa litatoka zuri, lakini anayetarajia kumkata mvuvi huyo na kumtambua ni nani anatafuta kitu ambacho hakikuingia kwenye kamera.

Picha ya darasa ni hivyo hivyo. Wanafunzi 120 wakipangwa safu nne za watu 30, kila mmoja anapata upana wa nukta 133, na uso wenyewe labda nusu yake, kama 65. Picha ndogo ya kitambulisho yenye upana wa milimita 35 inahitaji nukta 413. Kwa hiyo sura iliyokatwa kutoka kwenye picha ile ikichapwa kwa ukali unaostahili, uso utakuwa na upana wa milimita tano na nusu, sawasawa na punda wa kichwa cha njiti mbili za kiberiti zikiwekwa pamoja. Ndugu wanaokuja na picha ya kikundi wakitaka itolewe sura ya jamaa yao aliyefariki, mara nyingi hii ndiyo hesabu inayowakatalia, si uzembe wa fundi. Dawa yake hutolewa mapema: siku ile ile ya picha ya darasa, kila mwanafunzi apigwe na ya peke yake, au safu moja moja kwa karibu. Kazi hiyo haimalizi hata saa moja.

MEGAPIKSELI ZA DUKANI

Lakini mbona simu ya megapikseli 108 haitoi picha mara tisa ya ile ya 12? Swali zuri. Mwaka 2020 Samsung walitoa simu ya Galaxy S20 Ultra yenye nukta 12,000 kwa 9,000, ambazo kweli ni milioni 108. Kipande chenyewe cha kupokea nuru kina upana wa milimita 9.6 tu, na kila kijisehemu kina upana wa sehemu nane za kumi za elfu moja ya milimita. Kijisehemu kidogo namna hiyo hupata nuru kidogo, na panapokuwa na giza huandika namba za ovyo, ndiyo ule mchanga wa rangi rangi tunaouona kwenye picha za usiku. Kwa hiyo simu yenyewe, bila ya kukuambia, huunganisha vijisehemu tisa kuwa kimoja na kukupa picha ya 4,000 kwa 3,000. Umerudi kwenye 12. Ukitaka zote 108 lazima uchague mwenyewe, na hufaa mchana kweupe.

Kamera kubwa za wapiga picha wa kazi huwa na kipande cha milimita 36 kwa 24, ambacho eneo lake ni kama mara 12 ya hicho cha simu. Ndiyo maana kamera ya zamani ya megapikseli 12 ya namna hiyo, iliyo na lenzi nzuri, hutoa picha ambayo ukiikata inavumilia kuliko simu yenye namba kubwa ubavuni.

Tena kuna lenzi yenyewe. Mwanachuoni Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Kairo yapata mwaka 1040, aliandika risala juu ya sura ya kupatwa kwa jua. Alieleza kuwa nuru ya jua lililopatwa ikipita kwenye tundu dogo huchora umbo la hilali ukutani, lakini tundu likiwa pana umbo hilo hupotea na kuwa duara. Jua ni lile lile na ukuta ni ule ule; kilichoharibu taswira ni mlango ulioipitisha. (Wapo wanaoandika kuwa hata neno kamera limetoka kwenye Kiarabu. Hatuoni kuwa ni sahihi. Ni neno la Kilatini lenye maana ya chumba. Sifa za mwanachuoni huyu zinatosha bila ya kuongezewa.) Basi lenzi iliyokwaruzika, au iliyoshikwa na vidole vya aliyetoka kula mbasa wa kukaanga, itapeleka ukungu kwa nukta zote milioni 108 bila ya ubaguzi. Mkono unaotikisika nao hufanya vivyo hivyo. Pangusa lenzi kwa kitambaa safi, egemea ukuta au mwembe, ndipo upige.

NJIANI KUELEKEA KWA FUNDI

Picha nyingi hazifi kwenye kamera, zinafia njiani. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huipunguza ili iende haraka, na upande mrefu hubaki na nukta kama 1,600. Ile ya 4,000 kwa 3,000 inafika ikiwa 1,600 kwa 1,200, chini ya milioni mbili. Inatosha picha ya albamu, haitoshi A4. Mwaka 2023 waliongeza uchaguzi wa kutuma kwa ubora wa juu, lakini njia iliyo salama zaidi ni kuituma kama faili, jinsi unavyotuma hati, ambapo haiguswi kabisa. Au peleka simu yenyewe kwa fundi, au flashi.

Mfano mkubwa wa jambo hili tunao katika historia ya nchi yetu. Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Picha zake zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, ambayo mwezi Desemba 2008 ilitoa picha zaidi ya 80,000 za makusanyo yake, na baadhi ya za Dobbertin zikiwemo, ili ziwekwe kwenye intaneti bure kupitia Wikimedia. Ni ukarimu mkubwa na hatuukatai. Lakini zilitolewa zikiwa na nukta kama 800 tu kwa upande mrefu. Kwa kipimo cha 300 hiyo ni picha ya sentimita 6.8, ndogo kuliko kiganja. Mwalimu anayetaka kuikuza aitundike darasani, au mtu anayetaka kukata sura moja katika umati wa wapagazi ili ajue kama ni ya babu yake, hapati kitu.

Na jambo la kuhuzunisha ni kuwa picha za enzi hizo zilipigwa mara nyingi juu ya vioo, na kioo cha sentimita 13 kwa 18 kina eneo mara 27 ya filamu ndogo iliyotumika katika studio zetu miaka ya 1990. Sura hizo huenda zimo kwenye kioo kwa ukamilifu wake. Zilizopungua ni nukta za nakala iliyotufikia. Anayehitaji ukubwa zaidi hana budi kuwaandikia wenye hifadhi.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi ziko programu za akili mnemba zinazoweza kukuza picha yoyote. Zipo, na kwa picha ya mlima au ua zinapendeza. Lakini zieleweni zinafanya nini: hazirejeshi kilichopotea, zinakisia. Mwezi Juni 2020 watu waliipa programu iitwayo PULSE, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, picha iliyopunguzwa nukta ya Barack Obama, mtoto wa Mkenya anayejulikana dunia nzima. Programu ikatoa sura kali, yenye kila unywele, ya mzungu. Picha ilikuwa safi, na haikuwa yake. Kwa sura ya marehemu wako usikubali kazi ya namna hiyo bila ya kujua kuwa ni mchoro wa kukisia.

NUKTA ZA MAANDISHI

Tumeyaacha haya mwisho kwa kuwa yanatuhusu sisi zaidi. Ikiwa nyumbani kwenu kuna daftari la babu, khati ya ndoa, hati ya mirathi au barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, basi mjue mvua zetu za Aprili, mchwa na mafuriko ya Kiwira na Mbaka havina subira nayo. Kuipiga picha ni jambo jema sana. Katika Msikiti wa Riyadha huko Lamu, miswada ya mkono ya masheikh wa zamani ilipigwa picha kidijitali katika miaka ya 2010 kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na vitabu vyenyewe vikabaki Lamu. Nasi tunaweza kufanya kwa simu, kwa sharti moja: nukta za picha ziwe nyingi kuliko nukta za mwandishi.

Andika mifupa ya neno lenye meno mawili na te ya mwisho, bila nukta za hayo meno. Ukiweka nukta moja chini na mbili chini, umepata bayt, nyumba. Badili jino la pili uweke moja juu, umepata bint, binti. Moja juu na moja chini, nabata, kimeota. Tatu juu na moja chini, thabata, kimethibiti. Mifupa ni mmoja. Sasa kumbuka na tarakimu: katika tarakimu za Kiarabu sifuri yenyewe ni nukta. Hati ya mirathi inayotaja minazi 50, nukta yake ikifutika, inataja minazi mitano.

Fikiria nukta ya mwandishi yenye upana wa milimita moja. Ukiufungua mswada mezani na kupiga picha ya upana wa sentimita 60, meza na kikombe cha chai vikiwemo, nukta 4,000 za kamera zinagawanyika kuwa 66 kwa sentimita, na nukta ya mwandishi inapata kama sita au saba kwa upana. Inasomeka kwa taabu. Ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida zinabaki mbili au tatu, na hapo nukta mbili za te huungana kuwa moja na te ikawa nuni. Msomaji aliye Unguja au Maskati atasoma neno ambalo babu yako hakuliandika, na hatajua kuwa amekosea. Lakini ukiusogelea ukurasa mmoja wa urefu wa sentimita 20 mpaka ujaze picha, unapata nukta 200 kwa kila sentimita, na nukta ya mwandishi ina 20. Hata mkwaruzo wa kalamu ya tete utauona. Ni simu ile ile.

Basi fanyeni hivi. Pigeni ukurasa mmoja mmoja, karibu na dirisha au kivulini nje, bila ya tochi ya simu, kwa kuwa tochi hung'arisha wino. Simu iwe sambamba na karatasi. Ikilala upande, mistari ya mbali hupata nukta chache kuliko ya karibu. Simu isishikwe hewani bali iegemezwe kwenye kitu, hata rundo la vitabu. Wekeni rula pembeni mwa ukurasa iingie kwenye picha. Kisha kata katika simu nakala ya kipande chenye sentimita moja tu ya rula hiyo na utazame maelezo ya faili: ikiwa kipande kina nukta 120 au zaidi, umefikia kile kipimo cha wachapaji cha 300 kwa inchi. Ikiwa ni 60, sogea karibu. Faili la asili lihifadhiwe mahali pawili, flashi moja nyumbani na nyingine kwa ndugu anayeishi mwinuko usiofikiwa na maji, na majina ya mafaili yafuate namba za kurasa.

Na kabla ya kuufunga mswada, kuza picha kwenye kioo cha simu mpaka uone neno dogo kuliko yote katika ukurasa, ulilinganishe na karatasi iliyo mbele yako. Nukta mbili za te zikionekana mbili, funua ukurasa unaofuata.